Ufa Ambao Ukiuziba Nyumba Inaanguka

Nilifuta herufi moja. Tena haikuwa hata herufi ya kuonekana kwa macho. Ilikuwa nafasi tupu, ile unayoipata ukibonyeza kitufe kirefu kilicho chini ya kibodi. Kesho yake asubuhi watu elfu kadhaa waliokuwa wakisubiri pensheni hawakupata kitu, na simu ya mkuu wangu wa kazi ililia kabla sijavaa viatu.

Mfumo wenyewe niliukuta. Katika kazi hii ya kutunza programu za kompyuta mifumo mingi tunaikuta, wachache ndio huandika kitu kipya kuanzia ukurasa mtupu. Huu uliandikwa kabla sijamaliza shule ya msingi, ukapita mikononi mwa watu ambao majina yao yamebaki kama herufi mbili mbili pembeni mwa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Kila usiku uliandaa faili la malipo na kulituma kwenye taasisi nyingine, ambako programu yao ililisoma na kugawa fedha. Waraka uliokubaliwa na pande zote mbili ulisema kila rekodi iwe na herufi 120. Mfumo wetu uliandika 121. Ile ya ziada, mwishoni kabisa, ilikuwa nafasi tupu. Nami nilikuwa kijana, nimetoka kufundwa juu ya usafi wa msimbo. Nikaona uchafu, nikafagia.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba programu ya upande wa pili haikuwa ikitafuta mwisho wa rekodi. Ilikuwa ikihesabu. Inachukua herufi 121, inaziita rekodi, inachukua nyingine 121. Nilipoipunguzia moja, rekodi ya kwanza ilimeza herufi ya kwanza ya rekodi ya pili, ya pili ikameza mbili za ya tatu, na kufikia rekodi ya mia majina ya watu yalikuwa yamejikalia kwenye safu ya fedha. Bahati njema jumla haikulingana na programu ikalikataa faili zima. Ingekuwa ni programu ya kupokea chochote inachopewa, nisingekuwa nasimulia haya kwa utulivu.

Mzee aliyeutunza mfumo ule kabla yangu alikuwa hajastaafu bado. Nilimwendea mezani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Umeifuta ile nafasi." Hakuuliza. Aliniambia aliiona tangu mwaka wake wa kwanza kazini, na yeye pia mkono ulimwasha. Ila alipiga simu kwanza. Wenzetu wakamjibu kwamba kosa letu wamelizoea, programu yao wameipima kwa kosa hilo, na kuibadilisha ni kazi ya miezi. "Sasa wewe, mwanangu," akaniuliza, "ulimpigia nani?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo ndiyo methali inayokuja mdomoni mara moja watu wanapozungumzia matunzo ya chochote, na sina ugomvi nayo. Lakini aliyeitunga alikuwa akitazama nyumba, na ufa wa nyumba haumtumikii mtu. Kwenye programu iliyoishi miaka thelathini ufa huwa na wapangaji. Mmoja amepitishia waya, mwingine amefanya dirisha, wa tatu kauegemeza mlango wake. Ukija na saruji yako bila kubisha hodi, utakachokisikia ni kishindo.

Tangu siku ile nimekuwa mkusanyaji wa nyufa za namna hiyo, kama wengine wanavyokusanya stempu. Ninayoipenda kuliko zote imo ndani ya Excel. Fungua jedwali jipya, andika 60 kwenye chumba kimoja, kisha kiambie chumba hicho kionyeshe tarehe. Katika kompyuta ya Windows utapata tarehe 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwepo. Mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mwaka mrefu ila ukigawanyika pia kwa 400, ndiyo maana 2000 ulikuwa na siku 366 na 1900 haukuwa nazo. Kosa lilianzia kwenye programu nyingine ya majedwali, Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983 na kutawala ofisi za wakati wake. Excel ilipokuja kugombea wateja walewale ilibidi isome mafaili yao bila kuyumbisha tarehe hata moja. Na kwa kuwa programu zote mbili zinahifadhi tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, njia ilikuwa moja tu: kulinakili kosa kwa makusudi. Lotus yenyewe imeshazikwa. Siku yake ya uongo inaishi, maana ukiiondoa leo, karibu kila tarehe baada yake katika mafaili ya duniani itasogea kwa siku moja.

Ya pili inanigusa zaidi kwa sababu nayo ni ya nafasi tupu. Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Stuart Feldman aliandika programu ndogo iitwayo make, ya kuwasaidia waandishi wa programu kuunganisha vipande vya kazi zao. Aliamua kwamba mistari ya amri ndani ya faili lake ianze na alama ya kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida badala yake, kwa macho hutaona tofauti yoyote, lakini make itagoma. Feldman alitambua mapema kwamba uamuzi ule haukuwa mzuri. Wakati huo, kwa maelezo yake mwenyewe, tayari alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwaharibia kazi. Watu kumi na wawili! Angewaita chumba kimoja akawaomba radhi, wakacheka, wakabadilisha mafaili yao kabla ya jioni. Hakufanya hivyo, na karibu nusu karne baadaye wanafunzi wanaendelea kupoteza saa nzima wakitafuta kosa ambalo haliwezi kuonekana.

Kuna na ya tahajia. Kivinjari chako kinapofungua ukurasa kupitia kiungo, huwa kinaiambia seva, ile kompyuta inayokitumia kurasa, umetokea ukurasa gani, na jina la taarifa hiyo ni "Referer". Neno la Kiingereza sahihi lina r mbili katikati. Mtu alikosea, kosa likapita, likachapwa katika waraka rasmi wa HTTP, kanuni za mazungumzo kati ya vivinjari na seva, wa mwaka 1996, na seva na vivinjari vyote vikajengwa juu yake. Miaka mingi baadaye ilipotengenezwa taarifa nyingine ya kudhibiti hiyo ya kwanza, waliiandika kwa tahajia sahihi: "Referrer-Policy". Kwa hiyo leo mtu anayeandika seva analazimika kukosea neno hilo mahali pamoja na kulipatia mahali pengine, na akijichanganya, hakuna kati ya hizo mbili itakayofanya kazi.

Ukiwaza vizuri, mpaka kati ya kosa na tabia ya mfumo hauwekwi na aliyeuandika. Unawekwa na wanaoutumia, polepole, bila mkutano wala saini. Siku mtu wa kwanza anapojenga kitu kinachotegemea kosa lako, kosa hilo limekuwa ahadi. Linus Torvalds, aliyeuanzisha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ameshikilia msimamo huu kwa ukali kwa miaka mingi: badiliko ndani ya kiini cha mfumo huo likivunja programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi, lenye hatia ni badiliko, hata kama programu ile ilitegemea jambo lisilostahili. Profesa wa kompyuta Donald Knuth yeye amekwenda mbali kuliko wote. Programu yake ya kupanga chapa, TeX, aliyoianza 1977, kila toleo jipya linaongeza tarakimu moja tu ya namba pai. Toleo la 2021 ni 3.141592653. Ameagiza kwamba siku atakapofariki namba ya toleo iwe pai kamili, na makosa yote yatakayokuwa yamebaki yahesabiwe kuwa sifa za programu, yasiguswe milele. Mara ya kwanza niliposoma agizo hilo nilidhani ni utani wa profesa. Sasa naona ni mtu aliyekubali mapema yale ambayo sisi wengine huyakubali baada ya kuvunja vitu.

Lakini si kila mtu anaweza kumfuata Knuth. TeX hupanga herufi kwenye karatasi, na karatasi haijabadilika sana. Mfumo wa pensheni unakaa duniani, na dunia haitulii. Sheria ya mafao inabadilishwa, watu wanaoa na kuachana, umri wa kustaafu unapandishwa. Meir Lehman, aliyefundisha Imperial College London, alilieleza hili mwaka 1974 baada ya kuchunguza pamoja na Laszlo Belady jinsi mfumo mkubwa wa IBM, OS/360, ulivyokuwa ukikua toleo baada ya toleo. Aliona mambo mawili yanayovutana. Programu inayotumika katika shughuli za watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo faida yake itapungua mwaka hadi mwaka. Na kila inapobadilishwa inazidi kuwa na mafundo, isipokuwa mtu atumie nguvu mahususi kuyafungua. Nguvu hiyo ya kufungua mafundo hakuna bosi anayeiombea bajeti, kwa sababu mwisho wa kazi mfumo unafanya kilekile ulichokuwa ukifanya jana.

Watu wa nje hudhani matunzo ni kuondoa makosa. Makosa ni sehemu ndogo. Siku nyingi nazimaliza nikiufuata mwendo wa dunia, nikirekebisha programu ambayo haikukosea popote pale ilipoandikwa.

Roketi ya Ariane 5 ndiyo inayolionyesha hili kwa ukatili kuliko kisa chochote ninachokijua. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na takriban sekunde 40 baadaye ikapinda, ikakatika na kulipuka. Msimbo uliosababisha ulitoka Ariane 4, ambako ulifanya kazi bila lawama. Ulikuwa ukichukua namba ya biti 64, yaani yenye nafasi 64 za sifuri au moja, inayohusiana na mwendo wa roketi wa ubavuni na kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16. Kwa Ariane 4 namba hiyo haikuweza kukua kiasi cha kutoenea. Ariane 5 ilikuwa na njia tofauti ya kupaa na kasi kubwa zaidi ya ubavuni, namba ikafurika, kifaa cha kuelekeza roketi kikazima, na cha akiba, kilichobeba msimbo uleule, nacho kilikuwa kimezima vilevile. Linaloniuma ni kwamba hesabu ile haikuwa na kazi yoyote Ariane 5 ikishaondoka ardhini. Iliachwa iendelee kwa sababu ilikuwa ikiendelea kwenye Ariane 4.

Basi hapo ndipo penye ugumu. Nimesema nyufa zina wapangaji, usizizibe ovyo. Lakini zipo nyufa tupu ambazo nyoka hujificha ndani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika 45 hivi. Ndani ya mfumo wao wa kununua na kuuza hisa kulikuwa na kipande kilichoacha kutumika tangu 2003, lakini hakuna aliyekiondoa. Walipoandika kipande kipya wakaazima swichi ileile iliyokuwa ikikiwasha cha zamani. Seva zilikuwa nane, na moja haikuwekewa toleo jipya. Swichi ilipowashwa, saba zilifanya kazi ya 2012, na ya nane ikaamka ikidhani bado ni miaka ya nyuma.

Ukiutazama msimbo peke yake, ufa wenye wapangaji na ufa wenye nyoka vinafanana. Hilo ndilo nililolielewa kwa kuchelewa. Unaweza kuusoma mstari ule mara mia na usijue nani anautegemea, kwa sababu anayeutegemea hayumo humo. Yuko kwenye jengo lingine, kwenye programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine, au kwenye kazi inayofanyika mara moja kwa mwaka mahesabu yanapofungwa.

Kwa hiyo siku hizi nikiona ufa siuzibi. Naweka mlinzi. Naongeza mstari mmoja unaoandika kwenye daftari la mfumo kila mara njia ile inapopitwa: nani, saa ngapi, akitokea wapi. Kisha nasubiri, na kusubiri kwenyewe si wiki mbili. Mfumo wa fedha una mzunguko wa mwezi na una mzunguko wa mwaka. Nimewahi kukuta kipande kilichokaa kimya siku 364 na kuamka siku ya 365 kufanya kazi ambayo isingefanywa na kitu kingine chochote. Katika kipindi hicho cha kusubiri nakusanya data halisi iliyoingia na majibu halisi yaliyotoka, pamoja na majibu ya kijinga, na kuyafanya majaribio ya kujiendesha. Majaribio hayo hayasemi kama mfumo uko sahihi. Yanasema tu kama leo ni sawa na jana, na mara nyingi hicho ndicho ninachohitaji kujua kabla ya kugusa.

Vijana wakiniona nasubiri hivyo hukosa subira. Wanapendekeza tutupe kila kitu na kuandika upya. Nawaelewa, nilikuwa wao. Nawakumbusha Netscape, kivinjari kilichokuwa juu ya vyote katikati ya miaka ya tisini. Mwaka 1998 waliamua kuachana na msimbo wao wa zamani na kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe, la 6 likatoka Novemba 2000, na kufikia hapo watumiaji walikuwa wameshahama. Msimbo wao wa zamani ulikuwa mbaya, hilo walilisema wenyewe. Ila ubaya mwingi wa msimbo mkongwe ni makovu, na chini ya kila kovu kuna kidonda kilichowahi kutoka damu: seva iliyokuwa ikijibu vibaya, mteja aliyeandika jina lake kwa alama ya ajabu, saa iliyorudi nyuma usiku mmoja. Ukianza upya unaanza na ngozi laini, na vidonda vyote vinakusubiri mbele. Njia ninayoiamini ni ile ambayo Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu, aliifananisha na mtini mnyongaji, mti unaoota juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi kidogo kidogo hadi siku moja mti wa ndani ukaoza na wa nje ukabaki umesimama. Mpya unakua ukiwa umeuzunguka wa zamani, huku wa zamani ukiendelea kulipa pensheni.

Aprili 2020 gavana wa New Jersey aliomba hadharani watu wanaojua COBOL, lugha ya kuandikia programu, wajitolee, maana mfumo wa mafao ya wasio na kazi ulikuwa umezidiwa na maombi wakati wa janga la korona. Watu waliicheka lugha hiyo iliyobuniwa 1959. Kicheko kilikuwa kimekosea mlango. COBOL unaweza kuisoma kwa wiki chache, imeandikwa karibu kama sentensi za kawaida. Kisichosomeka kwa wiki chache ni kwa nini mtu fulani, mwaka fulani, aliandika kwamba mwombaji wa kundi fulani ahesabiwe tofauti. Sababu hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu, na mtu huyo amestaafu au hayupo tena.

Novemba 2023 chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kilianza kutuma data isiyosomeka. Wahandisi wa NASA waligundua kwamba kipande kimoja cha kumbukumbu katika kompyuta yake kimekufa. Hakuna fundi wa kutumwa huko, na ujumbe mmoja ulichukua zaidi ya saa 22 kukifikia na muda kama huo kurudi. Waliuhamisha msimbo uliokuwa kwenye sehemu iliyokufa, lakini hapakuwa na nafasi moja ya kuutosha wote, ikabidi waukate vipande, wavitawanye, na kurekebisha kila mahali palipokuwa pakivielekezea. Aprili 2024 chombo kilianza tena kusomeka. Mimi sikushangazwa sana na hesabu zao. Nilishangazwa kwamba nyaraka walizozifungua, zilizoandikwa na watu wa miongo iliyopita ambao hawakuweza kuwaza tatizo la leo, bado zilikuwepo na zilieleza vya kutosha.

Ndiyo maana baada ya kuirudisha ile nafasi tupu niliandika pembeni yake maelezo ya mistari minne: nani anaitegemea, tangu lini, nilipoifuta kilitokea nini, na nani wa kumpigia. Mzee alipostaafu niliketi naye wiki mbili nikiandika vitu vya namna hiyo. Alikuwa akisema "hii iache tu," nami namwuliza "kwa nini?", anakuna kichwa, kisha kinatoka kisa. Visa vingine hakuvikumbuka. Hivyo navyo niliviandika: sababu haijulikani, mzee mwenyewe hakumbuki. Mtu atakayekuja ajue kwamba kuuliza kulifanyika.

Mwaka jana ile taasisi ya upande wa pili ilibadilisha mfumo wake. Walitupigia wao, kwa adabu kabisa, kusema sasa wako tayari kupokea herufi 120 kama waraka unavyosema. Kijana ninayefanya naye kazi alifurahi kuliko mimi, akataka kuifuta mchana uleule. Nikamwambia tuweke mlinzi kwanza, tuone nani mwingine analifungua faili hilo. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu, usiku wa kufunga robo ya mwaka, ikaja programu ya wakaguzi wa hesabu ambayo hakuna aliyekuwa akikumbuka ipo, ikalifungua faili na kuanza kuhesabu herufi, 121 kwa 121.

Kijana aliliangalia daftari la mfumo kwa muda, halafu akaufungua msimbo. Nafasi hakuigusa. Alishuka chini ya maelezo yangu ya mistari minne na kuandika wa tano.